Vibarua Wangu Hawasemezani

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kuandika shajara. Watu wakubwa huandika shajara kabla hawajawa wakubwa, ili baadaye kusiwe na ubishi.

Habari ya leo: chumba chenye dirisha kimebaki wazi. Mzee wa takwimu amestaafu, ameacha meza pana, kiti kinachozunguka bila kulia, na dirisha linalotazama zizi la mbuzi wa utafiti. Mimi nakaa chumba cha ndani, kati ya friji ya sampuli na choo. Friji inanguruma mchana kutwa, na choo nacho kina mambo yake.

Asubuhi Mkurugenzi ametuita mkutanoni. Ni mama asiyependa maneno mengi. Amesema Daktari wa Mbuzi ana mabeberu wawili na malisho ya kumtosha mmoja. Atakayebaki ni yule mwenye kinga ya homa ya mapafu, maana ndiye atakayekuwa baba wa mbuzi wote watakaogawiwa wafugaji. Mwingine atakwenda kwa mchinjaji. Damu imeshatolewa, mashine imeshasoma DNA yao, kilichobaki ni kazi yetu ya kompyuta: kuondoa nakala.

Wajukuu wangu mtakaosoma haya, nawaeleza. Mashine haisomi DNA nzima nzima. Inasoma vipande vidogo, vingi kama mchanga, na kabla ya kuvisoma lazima vizalishwe viwe vingi zaidi. Hapo ndipo kipande kimoja kinapojikuta kimesomwa mara nyingi. Kama kilikosewa wakati wa kuzalishwa, kosa nalo linasomwa mara nyingi, na mwisho linafanana na ukweli. Ni kama umbea wa mtaani. Ukiusikia kwa watu kumi unauamini, kumbe wote kumi wameutoa kwa jirani mmoja. Kwa hiyo tunaondoa nakala zote na kuacha kipande kimoja kimoja.

Programu tuliyonayo inachukua siku tatu na wakati mwingine inakata roho njiani. Mkurugenzi anataka mpya, itakayotumia nguvu zote za kompyuta kubwa kwa wakati mmoja. Atakayeleta programu ya haraka kufikia Ijumaa atapewa chumba chenye dirisha. Nimeandika neno "haraka" na kulipigia mstari. Kulikuwa na neno jingine baada yake, "ya kuaminika" au kitu kama hicho. Nadhani alilisema kwa adabu tu.

Washindani ni wawili. Mimi, na Dada Taratibu, ambaye amepata jina hilo kwa sababu husoma maelezo hata kwenye boksi la balbu. Mimi najiita Bwana Kasi. Bado wengine hawajaanza kuniita hivyo.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kompyuta kubwa ina vichakataji vingi ndani yake. Mimi naviita vibarua. Programu ya zamani inamtumia kibarua mmoja, wengine wamekaa tu wanamtazama. Basi, nitalikata faili vipande vilivyo sawa. Kila kibarua atapewa chake, ataondoa nakala anazoziona, tutaunganisha, tutakwenda nyumbani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mchana nilipita kwa Dada Taratibu kumsalimu. Yaani kupeleleza. Ubao wake umejaa mishale kama ramani ya mtu aliyepotea. Yeye vibarua wake hawaanzi na kazi. Kwanza wanabadilishana vipande, vile vinavyofanana mwanzo viende kwa kibarua mmoja, ndipo kila mmoja aondoe nakala. Nikamuuliza kupeana huko kote kwa nini. Akasema nakala za kipande kimoja zinaweza kuwa zimetawanyika faili zima, na zisipokutanishwa hakuna wa kuzitambua. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Moyoni nikacheka. Nusu ya muda wake inakwisha vibarua wakipiga soga! Wa kwangu hawasemezani. Kila mtu na lake. Ofisi hii ingefuata mtindo huo tungekuwa mbali sana.

Nyumbani mke wangu amenikumbusha kuwa Jumapili tunamuaga baba mkwe kazini. Alikuwa mtunza ghala tangu ujana wake. Ukoo ulitaka kukutana kwa mama mkwe kupanga zawadi. Mikutano ile naijua: saa nzima ya salamu, saa nzima ya kuulizana nani hajafika. Nimewaokoa. Nimejitolea kusimamia mimi, na nimewatumia wote ujumbe: kila mtu achague zawadi mwenyewe, anunue mwenyewe, asimuulize mtu wala asimwambie mtu. Muda umeokolewa, na baba mkwe atashtukizwa.

Mke wangu aliusoma ule ujumbe, akaniangalia kidogo, kisha akasema "haya". Mke wangu akisema "haya", najua nimeshinda.

Jumatano, 5 Juni

Programu imekamilika. Nimeijaribu kwa faili dogo. Imemaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kibonyezo. Nikakagua matokeo kwa macho yangu, mstari kwa mstari, na haikubaki nakala hata ya dawa.

Nikaenda zizini kuwaona wahusika. Si vizuri kushika hatima ya mtu usiyemfahamu, hata kama ni mbuzi. Beberu wa kwanza ni mweupe, kifua kipana, ndevu kama zimechanwa. Wafanyakazi wanamwita Sultani. Nilipotoa simu alisimama kwa pozi. Wa pili ni wa kahawia, sikio limechanika, mguu wa nyuma mfupi kidogo. Huyo wanamwita Chechemea.

Nilimweleza Daktari wa Mbuzi mpango wangu kwa kirefu, mikono nyuma kama mhadhiri, karatasi mkononi. Nilipomaliza maelezo, karatasi nazo zilikuwa zimekwisha. Chechemea alikuwa amezitafuna zote, pamoja na ukurasa wa mwisho niliokuwa nimepangia majaribio ya faili kubwa. Nimeona ni dalili kwamba majaribio hayo hayakuwa ya lazima.

Nikamwambia Daktari kuwa huyu ndiye wa mchinjaji, sura yenyewe inasema. Akanijibu kuwa mbuzi hachaguliwi kwa sura. Kwa ujumla yuko sahihi.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya kidogo.

Niliona vibarua wa kompyuta kubwa hawanitoshi. Wakati wa chakula cha mchana kompyuta za ofisi zinakaa bure, nikasema nizikope. Niliiingiza programu yangu kwenye kila moja nikipita kama mtu anayetafuta kalamu. Mpango ulikuwa mzuri. Sikujua tu kuwa Katibu hula mezani kwake.

Alikuwa anachapa barua za kuwaalika wageni wa kesho. Kompyuta yake ikaganda. Kisha mashine ya kuchapa ikaanza kutema herufi za DNA, A na C na G na T, kurasa kwa kurasa, mpaka karatasi za ofisi nzima zikaisha. Katibu alikuja na lile furushi mikononi, akaliweka mezani kwangu, akaondoka bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Ikabidi niandike mialiko kwa mkono, nyuma ya karatasi zile zile. Dada Taratibu alinikuta nikihangaika, akavuta kiti akanisaidia. Ana mwandiko mzuri, lazima niseme. Akaniuliza kama nimeijaribu programu kwa faili kubwa. Nikamjibu ndiyo, bila shaka. Maana yangu ni kwamba bila shaka nimelifikiria jambo hilo.

Akakiri kuwa yake bado inakwenda polepole. Nikamfariji kwa kumwambia mwenda pole hajikwai. Akashukuru, akasema hata yeye alikuwa na methali yangu mdomoni, ya haraka na baraka, ila ameona aihifadhi.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi!

Wageni walijaa. Mkurugenzi alinimiminia chai na kuniambia nianze. Nikabonyeza. Chai ilikuwa bado haijanyweka kwa moto wakati matokeo yalipotokea. Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja aliniuliza kama kompyuta kweli imefanya kazi au ilikuwa nayo tayari. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa.

Kisha ikaja zamu ya Dada Taratibu. Akabonyeza. Tukangoja. Biskuti zikaisha. Wageni wakaanza kutazama viatu vyao, kisha wakaanza kuvitumia kuondoka. Mkurugenzi akasema iachwe iendelee yenyewe mpaka itakapomaliza.

Daktari wa Mbuzi akasoma matokeo yangu. Alama ya kinga imeonekana kwa Sultani, tena kwa vipande chungu nzima, mashahidi wa kumwaga. Kwa Chechemea imeonekana kwa vipande vichache tu. Hapo hakuna cha kuuliza. Sultani anabaki, Chechemea atachukuliwa Jumanne asubuhi. Dada Taratibu akaomba wasubiri matokeo yake. Mkurugenzi akasema kama yatakuja kabla ya mchinjaji, yatasomwa.

Nimekabidhiwa ufunguo wa chumba. Njia nzima nilikuwa naupapasa mfukoni kuhakikisha haujabadili mawazo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimehamia. Hakuna aliyesema nihamie Jumamosi, lakini chuma hufuliwa kingali moto.

Kiti kinazunguka vizuri sana. Nimezunguka mpaka nikasikia kizunguzungu, nikapumzika, nikazunguka upande wa pili. Mwanga unaingia hadi kwenye vidole. Nimegundua nina vidole vizuri.

Kasoro ni moja. Zizi liko karibu kuliko nilivyodhani. Kila nikiinua macho, Chechemea yuko kwenye uzio ananitazama huku akitafuna. Nimetundika koti dirishani.

Jumapili, 9 Juni

Sherehe ya baba mkwe. Nyumba ilijaa, viti vikaazimwa kwa majirani, mama mkwe alipendeza. Ukafika wakati wa zawadi, na mimi kama msimamizi nikaalika mtu mmoja mmoja.

Shemeji akatoa chupa ya chai. Nyekundu, yenye ua. Watu wakashangilia. Shangazi akatoa chupa ya chai. Nyekundu, yenye ua. Watu wakacheka kidogo. Shemeji mdogo akaja na boksi lake huku ameinamisha kichwa, na boksi halikuhitaji hata kufunguliwa. Mfanyakazi mwenzake baba mkwe naye akaleta yake. Nikabaki mimi, nimeshika zawadi yangu iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, nikitamani ardhi ipasuke.

Ni nyekundu. Ina ua. Duka la pale kona lilikuwa na punguzo, na kila mtu anamjua baba mkwe kwa lalamiko lake moja, kwamba chai humpoa ghalani.

Mke wangu peke yake ndiye aliyekuja na kitu kingine, viatu laini vya kuvaa ndani. Kumbe alijua. Wote walikuwa wamemnong'oneza kwa siri, kila mmoja kwa wakati wake. Nikamuuliza kwa nini asituambie. Akasema mimi ndiye niliyekataza watu kuambiana, na yeye ni nani avunje amri ya msimamizi.

Baba mkwe hakukasirika. Alizipanga chupa mstari mmoja mezani, akafungua kila kifuniko na kukifunga, kama anapokea shehena. Akauliza nani alihusika na uagizaji. Mikono ikanielekea. Akasema maisha yake yote ghalani amejifunza jambo moja: kitu kikiingia mara nyingi namna hii, si kwamba kinahitajika mara nyingi, ni kwamba wanunuzi hawasemezani. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Maneno mazuri sana. Ni ya ghala zaidi, sioni kama yana matumizi katika kazi yangu.

Akabakisha chupa moja, nne akanirudishia mimi. Aliyeagiza, alisema, ndiye anayepokea marejesho. Kisha tukala, nikacheza na mama mkwe, tukarudi nyumbani tumeshiba na tumefurahi. Mke wangu alicheka peke yake njia nzima.

Jumatatu, 10 Juni

Dada Taratibu amebisha hodi kwenye mlango wangu mpya. Akaketi. Alipofunga mlango nyuma yake nilijua hajaja kusifia mwanga.

Programu yake ilimaliza Jumamosi. Jumapili nzima ameitumia kukagua. Wale mashahidi wengi wa Sultani ni kipande kimoja. Kimoja tu, tena kilichokosewa wakati wa kuzalishwa. Nakala zake zilikuwa zimetawanyika faili zima, na mimi nilipolikata, kila kibarua aliangukiwa na nakala moja. Kila kibarua akaiona peke yake, akasema hii haina mwenzake, iacheni. Nilipounganisha, ikatokea halaiki. Chechemea mashahidi wake ni wachache kweli, lakini kila mmoja ni wake mwenyewe, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kinga anayo Chechemea.

Nikamwambia haiwezekani, nilijaribu na haikubaki nakala hata moja. Akaomba kuliona faili la majaribio. Akalitazama, akatabasamu kwa huruma, na huruma ile iliniuma. Akasema faili lilikuwa dogo mno, lote lilimwingia kibarua wa kwanza. Wengine hawakuamshwa hata.

Nikaondoa koti dirishani. Chechemea alikuwa anajikuna kwenye uzio, hana habari. Nilijisikia vibaya sana, na nashangaa kuandika kwamba halikuwa suala la chumba peke yake. Yule mbuzi amenila karatasi, lakini hajanikosea lolote kubwa. Na wafugaji wangepewa watoto wa Sultani, wazuri wa sura, homa ikija wangekwisha wote.

Dada Taratibu akasema hajamwambia mtu. Ingependeza litoke kwangu mimi, kabla ya mchinjaji kufika kesho. Akaondoka na kuufunga mlango polepole. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kuwa adui yake.

Nimefikiri hadi jioni. Kusema ukweli ni njia ndefu. Nimepata ya mkato. Mbuzi wana vibao shingoni, kimoja A, kimoja B. Mchinjaji hamjui yeyote kati yao, ameambiwa achukue B. Nikibadilisha vibao asubuhi, Chechemea atapona, chumba kitabaki changu, na sayansi haitadhurika. Mmoja ni mweupe na mwingine ni wa kahawia anayechechemea, sawa, lakini watu wa siku hizi wanaangalia vibao tu.

Jumanne, 11 Juni

Niliwahi zizini kabla ya wote. Sultani alivuliwa kibao na kuvishwa kingine kwa utulivu, nadhani alidhani ni medali. Chechemea alinila kifungo cha shati.

Mchinjaji akaja, mtu mpole mwenye kofia ya sufi. Akasoma kibao, akamfunga Sultani kamba. Sultani akamfuata kwa madaha bila swali. Mambo yalikuwa yanakwenda kama yalivyopangwa mpaka Daktari wa Mbuzi alipofika na kuuliza anampeleka wapi Sultani. Mchinjaji akaonyesha kibao. Daktari akasema kibao kimekosewa, akamfungua Sultani, akaifunga ile kamba kwenye shingo ya Chechemea kwa mkono wake mwenyewe, tena mafundo mawili.

Hilo sikulipanga.

Nikasema labda vibao visikilizwe kwanza. Nikasema B ni herufi nzuri. Hakuna aliyeelewa, na mimi mwenyewe sikuelewa. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na Katibu, Dada Taratibu nyuma yao. Chechemea akapita mbele yangu akichechemea, akageuka, akaninusa mfuko. Sijui kilichonipata. Nikaikamata kamba na kusema kwa sauti kwamba huyu haendi popote.

Kisha nikayatoa yote. Nilikusudia kusema "tumekosea", lakini mdomo ukasema "nimekosea". Nikaeleza nakala, nikaeleza vibarua, nikaeleza faili dogo. Nilipofika kwenye vibao, Katibu akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika.

Mkurugenzi akamuuliza Dada Taratibu kama ni kweli. Akasema ni kweli. Halafu, bila kuombwa, akaongeza kuwa namna yangu ya kukata na kugawa kazi ni ya haraka sana, haraka kuliko yake. Vipande vikikutanishwa kwanza kwa mtindo wake, kisha vikagawiwa kwa mtindo wangu, itakuwa programu moja nzuri. Nimeandika tarehe hii kwa wino mzito.

Mkurugenzi akasema tuifanye hivyo, wawili pamoja. Mbuzi hatatoka hata mmoja mpaka itakapotoa majibu. Malisho ya huyo wa ziada atayatafuta aliyebadilisha vibao. Nikamuuliza kwa muda gani. Akasema mpaka nijifunze.

Mchinjaji alinung'unika kwamba amekuja bure. Nilikimbilia mezani kwangu nikamletea chupa ya chai. Akaondoka ameridhika.

Ijumaa, 14 Juni

Programu yetu imekamilika. Inachukua muda mrefu kuliko yangu na mfupi kuliko ya Dada Taratibu. Tumeijaribu kwa faili dogo, la kati na kubwa, yeye akisisitiza, mimi nikipiga miayo. Majibu yale yale: Chechemea ndiye baba wa mbuzi wajao. Daktari wa Mbuzi amemkumbatia. Sultani naye amepata kazi, atasimama kwenye picha za maabara. Nyasi zake nazikata mimi kila asubuhi nyuma ya jengo, na anazila kwa dharau.

Chumba amepewa Dada Taratibu. Akasema ni kipana, nilete meza yangu. Kwa hiyo nipo chumba chenye dirisha! Nipo nyuma ya kabati, lakini nikiegemea kiti vizuri nauona uzio na nusu ya Chechemea. Friji hailii huku. Ni chumba kizuri.

Nilikuwa na chupa tatu za chai zimebaki na shukrani tatu za kutoa. Moja nimempa Dada Taratibu kwa fadhila zake. Moja Mkurugenzi, kwa kutonifukuza. Moja Daktari wa Mbuzi, kwa usumbufu wa vibao. Kila mmoja nimempelekea kwa wakati wake, kwa siri, nikimwomba asimwambie mwingine. Zawadi ikitangazwa inapoteza ladha.

Jumatatu, 17 Juni

Mkutano wa asubuhi. Mezani kulikuwa na chupa tatu za chai, nyekundu zote, zenye ua. Kila mmoja aliyeleta yake alikuwa anawatazama wenzake. Dada Taratibu alinyanyuka, akachukua mbili, akazifungia kabatini, akaacha moja, akatumiminia chai. Watu wote wakanitazama mimi. Nadhani walipenda chai.

Habari njema kutoka nyumbani: shemeji mdogo anahamia nyumba mpya mwezi ujao. Ukoo ulitaka ukutane kwanza kupanga zawadi, na baba mkwe eti ndiye asimamie. Nimewahi. Nimejitolea tena.

Yaliyotokea mara ya kwanza nimeyachambua kwa kina. Kosa ni moja tu: watu walikuwa wachache. Safari hii nimewagawia kazi ndugu wote, majirani, na nusu ya ofisi. Kila mtu achague mwenyewe, asimuulize mtu. Shangazi amepiga simu kutaka kujua wengine wananunua nini. Nimemjibu kwa upole kuwa maswali ya namna hiyo ndiyo yanayoichelewesha dunia.

Mimi yangu nimeshainunua, lile duka la kona bado lina punguzo. Haikuwa kazi kujua shemeji mdogo anapenda nini. Mtu humnunulia mwenzake kile anachokipenda yeye mwenyewe, na yeye kwa baba mkwe alinunua chupa ya chai.

Nimemweleza mke wangu mpango wote. Ameniangalia kidogo, kisha akasema "haya".